Labda Ni Mimi Niliyekatika

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe nataka niwaletee dada mmoja hapa mbele. Mkae naye kidogo, mumzoee. Nina wasiwasi baadhi yenu mtamfahamu kuliko mtakavyopenda.

Dada huyu aliitwa Tusekile. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya misheni huku milimani, kule ambako mvua hainyeshi kwa msimu, hunyesha kwa mazoea. Hospitali yenyewe haikuwa kubwa, ila watu waliifuata kutoka mbali, kwa sababu manesi wake walikuwa wanasalimia. Ninyi mnajua mgonjwa huenda anakosalimiwa.

Sasa, jina la kila mgonjwa, kitanda chake, dawa alizoandikiwa, vyote vilikaa ndani ya kompyuta moja iliyowekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Wenyewe waliiita seva. Na seva ile ilikuwa imezeeka. Ilizima ghafla, kama mzee anayesinzia katikati ya mazungumzo, na ikizima, hospitali nzima inasimama. Siku moja ilizima asubuhi ya kliniki ya wajawazito. Mama mmoja akashikwa na uchungu palepale kwenye benchi, damu inamtoka, na nesi hajui damu yake ni kundi gani, maana kundi la damu limelala ndani ya seva. Mungu ni mwema, mama alipona na mtoto akapona. Lakini mganga mfawidhi, Daktari Mwansasu, alitoka chumba cha kujifungulia akiwa bado na glavu, akaenda moja kwa moja kwa Tusekile.

"Tusekile, hatuwezi kuendelea hivi. Hakuna namna ya kuwa na seva mbili, moja ikilala nyingine ikaamka?"

"Namna ipo, daktari. Ila sijawahi kuifanya kwa mikono yangu."

"Basi jifunze. Lakini usijifunzie kwa wagonjwa wangu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililompeleka dada yetu kwenye kompyuta pepe. Msiogope jina. Ukiwa na kompyuta moja yenye nguvu ya kutosha, unaweza kuiwekea programu ikajifanya kompyuta kadhaa. Kila moja ina jina lake, ina kumbukumbu yake, inafanya kazi yake, na hakuna hata moja unayoweza kuishika kwa mkono. Unaweza kuiua ukaifufua, ukaivunja ukaiunga, na hakuna mtu aliyeumia. Mmewaona watoto wakipika matope kwenye vifuu? Wanakoroga, wanaonja kwa uongo, wanakaribishana. Chakula kikiungua hakuna anayelala njaa. Ndivyo Tusekile alivyoanza kupika.

Alitengeneza kompyuta pepe mbili ndani ya laptopu yake, akazitia Linux, mfumo ambao mafundi wengi wa seva wanaupenda kama mkulima anavyopenda jembe lililokwisha kumzoea mkono. Moja akaiita Rungwe, ya pili akaiita Kyejo, majina ya milima anayoiona kila akifungua dirisha. Rungwe ikawa inahudumia, Kyejo ikawa inangoja. Na kila baada ya kitambo kidogo zikawa zinaitana: Upo? Nipo. Upo? Nipo. Mafundi wanaita kuitana huko mapigo ya moyo. Siku Rungwe isipoitikia, Kyejo inajua mwenzangu amekufa, inainuka, inakalia kiti chake, inashika kazi pale ilipoachwa.

Alijifunza polepole, kati ya kazi na kazi, msimu mzima. Leo printa ya famasi imegoma, kesho mhasibu amesahau neno la siri. Lakini kila akipata nafasi alirudi mezani kwake, na aliporudi uso ulimng'aa. Kuna watu Mungu amewapa furaha ya kushona, wengine ya kulima. Huyu alipewa furaha ya kukaa mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe na kubembeleza mashine zipatane. Msimcheke. Kila anayeipenda kazi yake anamsifu aliyempa mikono.

Ikafika siku Daktari Mwansasu akapita na kikombe chake cha chai.

"Daktari, njoo uone. Naiua Rungwe."

Akaiua. Dirisha la Rungwe likawa giza. Daktari akakodoa macho kwenye ukurasa wa wagonjwa, akihesabu moyoni. Ukurasa ukasita kidogo tu, kama mtu anayemeza mate, kisha ukaendelea.

"Mbona haujazima?"

"Kyejo imeshika."

"Aisee!" Daktari akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye koti. "Kwa hiyo yule mama wa siku ile nesi wangu angeijua damu yake."

"Angeijua, daktari."

Basi furaha ikawa furaha, na kama ilivyo kwetu, mtu akifurahi anakuulizia nyumbani. Daktari akamuuliza, "Na mama yako? Magoti yanaendeleaje?"

"Hayaendelei, daktari. Nakwenda kumchukua aje akae kwangu. Chumba cha nyuma nimekwisha kukipaka rangi."

"Vizuri. Na kaka yako anasemaje?"

Tusekile akaifunga laptopu. "Kaka? Huyo nilishamzika. Yuko hai huko aliko, lakini mimi nilishamzika."

Niwaeleze, wapendwa. Tusekile alikuwa na kaka mmoja, Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi huko Rukwa. Baba yao alipofariki, ndugu hawa wawili walisimama kwenye kaburi bichi wakashikana mikono, wakasema: mama ni wetu sote, tutamtunza pamoja, hakuna atakayeamua jambo bila mwenzake. Na kwa muda walitunza. Walipigiana simu, huyu anatuma sabuni, yule anatuma mbolea. Halafu mahindi yakiwa bado machanga shambani, kaka akanyamaza. Tusekile akampigia, hakupokea. Akapiga tena, hakupokea. Akasema, basi, nitangoja anipigie yeye. Akangoja. Mahindi yakabeba, yakakauka, yakavunwa. Hakuna simu.

Ninyi mngefikiri nini? Msinijibu. Mngefikiri kama alivyofikiri. Amepata mambo yake. Amepata mke anayemshika sikio. Ameamua mama ni wangu peke yangu. Na mtu akikaa na fikra kama hiyo msimu mzima, inaacha kuwa fikra, inakuwa habari. Tusekile hakuwa anadhani tena. Alikuwa anajua.

Kwa hiyo akaamua mwenyewe. Alimpigia mama yake kwa simu ya jirani, maana bibi yule hakutaka simu, alisema inamchokonoa.

"Mama, jiandae. Jumamosi nakuja kukuchukua."

"Kunichukua niende wapi, mwanangu?"

"Kwangu. Utakaa na mimi, upumzike."

"Na ng'ombe?"

"Nimeshamwambia mjomba aje amchukue, akae naye."

"Haya. Lakini Tusekile, mwenzio naye huku..."

"Mama, huyo niachie mimi. Tafadhali, usinitajie."

Mama akanyamaza. Wazee wetu mkiwakatiza hunyamaza. Wanakuwa wamejifunza kwamba neno likirudishwa mdomoni halina haja ya kutoka tena.

Wiki ile ile Tusekile alirudi kwenye mashine zake na swali jipya, na ni swali zuri. Alijiuliza: je, kama mashine haijafa? Kama wote wawili ni wazima, ila njia kati yao ndiyo imekatika? Si jambo la ajabu, panya anaguguna waya kila siku. Basi akaukata uzi unaoziunganisha Rungwe na Kyejo. Hakuua yoyote. Alikata uzi tu, akakaa kutazama.

Rungwe ikaita: Upo? Kimya. Kyejo nayo ikaita: Upo? Kimya. Ikaita tena. Kimya. Na kila moja, kwa nia njema kabisa, ikasema: maskini, mwenzangu amekufa, sasa kazi yote ni yangu. Rungwe ikakalia kiti. Kyejo ikakalia kiti kile kile. Zote mbili zikaanza kuandika kwenye hifadhi moja, ile inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote.

Tusekile akajifanya nesi. Kwenye dirisha la Rungwe akalaza mgonjwa wa kubuni kitanda cha dirishani. Ikamjibu: imekubaliwa. Kwenye dirisha la Kyejo akalaza mgonjwa mwingine kitanda hicho hicho. Ikamjibu: imekubaliwa. Huyu akamwandikia sindano, yule akamruhusu aende nyumbani. Imekubaliwa, imekubaliwa. Akacheka peke yake. Halafu akaunganisha tena uzi, akitarajia zitasalimiana na kusameheana, na hifadhi nzima ikakataa kufunguka. Majina yalikuwa yameandikwa juu ya majina. Hakuna aliyeweza kusema nani amelala wapi wala nani amepewa nini.

Hapo kicheko kikamkauka. Alimwona yule mama wa kwenye benchi. Akawaza, ingekuwa hospitali ya kweli, leo tungemtia mtu damu isiyo yake. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba alipotafuta mwenye kosa hakumpata. Hakuna mashine iliyokuwa na ubaya. Kila moja ilifanya wajibu wake. Kila moja ilikuwa inamwombolezea mwenzake kwa moyo safi huku inamharibia.

Akasoma, akauliza mafundi wa mbali kwa mtandao, wakamfundisha dawa. Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, ongeza mashine ya tatu, si lazima iwe na nguvu, kazi yake kubwa ni kuwa sauti nyingine inayosikika. Akaitengeneza, akaiita Mporoto. Pili, weka sheria. Na sheria yenyewe ni hii, sikilizeni vizuri: mashine yoyote isiyomsikia hata mwenzake mmoja hairuhusiwi kusema wenzangu wamekufa. Iache kazi, iweke vyote chini, inyamaze, mpaka isikie sauti ya mwenzake tena.

Ijumaa akamwita daktari tena. Akaikata Rungwe peke yake. Rungwe ilikuwa nzima, jamani, umeme inao, kumbukumbu inazo, nguvu inazo. Ikaita: Upo? Kimya. Ikaita ya pili na ya tatu: Upo? Kimya. Halafu, bila mtu kuigusa, ikaachia kiti. Ikafunga hifadhi. Ikakaa. Kyejo na Mporoto, ambazo zilikuwa zinasikiana, zikaendelea na kazi, na hakuna kitanda kilichopewa watu wawili.

Daktari akasogeza miwani. "Subiri kwanza. Yenyewe ni nzima?"

"Nzima kabisa, daktari."

"Na imejizima?"

"Imejizima."

"Kwa nini isiseme wale wengine ndio wamekufa?"

"Haina uhakika. Ikijikuta iko peke yake, hakuna anayeitikia, inasema: labda ni mimi niliyekatika."

Daktari akatikisa kichwa muda mrefu. "Ungenipatia mbili tatu za aina hiyo," akasema, "nikaziweka kwenye kikao cha wakuu wa idara."

Wakacheka. Tusekile akatoka kazini akiwa mwepesi kama aliyetua kuni. Alipita sokoni akanunua blanketi la mama. Aliimba njia nzima. Nawaambia ukweli, alikuwa na kila sababu ya kuimba, maana alikuwa amefanya kazi njema ambayo ingeokoa watu. Na katika furaha yote hiyo hakupitiwa hata na wazo dogo kwamba ile sheria ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mtu mwingine zaidi ya Rungwe.

Jumamosi akaazima pikapu ya mfanyakazi mwenzake, akapanda mlima mpaka kwa mama. Alipofika uani akasimama kama aliyepotea nyumba. Palikuwa na banda jipya la ng'ombe. Zuri, la mbao, paa la bati linang'aa, sakafu ya saruji bado mbichi. Mafundi wawili wanakusanya misumari. Juu ya ngazi yuko mwanamume na nyundo. Ndani ya banda, hakuna kitu. Na mama amekaa kigodani mbele ya jiko, anapukuchua maharage, hatazami juu wala chini.

Mwanamume akageuka. Alikuwa Ambakisye.

"Umefika," akasema kutoka juu ya ngazi. "Vizuri. Sasa niambie ng'ombe yuko wapi."

"Wewe unatokea wapi?"

"Natokea kwa mama yangu. Nimechukua likizo yangu nzima nimejenga banda, ili mama asiende malishoni na magoti yale, aletewe nyasi hapa hapa. Jana nashuka bondeni kukata nyasi, narudi, mjomba ameshamswaga ng'ombe. Namuuliza, ananiambia dada mtu ameagiza."

"Na wewe ulijenga kwa kumuuliza nani?"

"Nimuulize nani, Tusekile? Nimuulize mtu asiyepokea simu?"

"Mimi?" Tusekile akajishika kifua. "Mimi sipokei simu? Ni mimi niliyekupigia ukakaa kimya! Mahindi yakiwa machanga, nikapiga na kupiga!"

"Kwa namba gani?"

Akamtajia. Ambakisye akashuka ngazi, akatoa simu, akatafuta, akatafuta sana, kisha akainua uso taratibu. "Namba hii? Hii ilinipigia nikiwa darasani. Namba siijui. Nikajua ni wale matapeli wa 'ile hela itume kwenye namba hii'."

Fundi mmoja akacheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Na mimi," Ambakisye akaendelea, sauti imeanza kulegea, "nimekupigia kwenye namba yako. Kila Jumapili nikitoka ibadani. Haipatikani. Haipatikani. Nikasema, dada amenifungia. Sijui nimemkosea nini, lakini amenifungia."

"Namba yangu ipi?"

Akaitaja kwa kichwa, bila kuangalia simu, kama mtu anavyotaja jina la mama yake.

Wapendwa, ilikuwa namba ya Tusekile ya zamani. Laini ile aliijua. Alipoanza kuhangaika na mashine zake, mtandao wa hospitali ulikuwa mzito, kupakua kitu kimoja ni mpaka jua lizame. Basi akachomoa laini yake ya zamani kwenye simu, akaichomeka kwenye modemu ndogo ya mtandao, akanunua laini mpya ya kupigia. Akawapa namba mpya wafanyakazi wenzake. Akawapa wanakwaya. Akampa hata msusi wake. Na kaka yake? Moyoni mwake aliamini kwamba amempa. Mnajua jinsi tunavyoweza kuongea na mtu moyoni mpaka tukaamini tumemwambia. Hakumpa.

Kwa hiyo msimu mzima, kila Jumapili, kaka alikuwa anamwita dada yake, Upo?, na wito unakwenda kuangukia kwenye kidude kisicho na sikio wala mdomo, juu ya meza ya ofisi, mahali ambapo Tusekile angenyoosha mkono tu angekigusa. Na kesho yake Jumatatu dada anakaa kwenye meza ile ile kuzifundisha mashine kuitana.

Alikaa chini palepale kwenye mchanga wa ujenzi, na gauni lake la safari.

Mama alikuwa ameyasikia yote. Aliweka ungo pembeni. "Mimi nilidhani mnaongea," akasema. "Huyu akipiga ananiambia, mama, nimepanga. Yule akija ananiambia, mama, nimepanga. Nikasema moyoni, watoto wangu wanapanga pamoja, sifa kwa Mungu. Juzi nilipotaka kukwambia mwenzio yuko hapa anapiga misumari, ulinikata."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini katika kupanga kwenu kote, nani aliniuliza?"

Mwalimu akaangalia banda lake, fundi akaangalia pikapu.

"Kuhama sihami," mama akasema. "Nitakuja kwako wakati wa baridi, nikae kidogo, nirudi. Na wewe, mwalimu, banda lako zuri, ila mlango umeuelekeza kwenye upepo. Ng'ombe wangu atakohoa mpaka afe. Geuza. Na sasa hivi, mbele yangu, peaneni namba."

Tusekile akainuka, akajipangusa mchanga. "Kaka," akasema, "msimu mzima nimekuzika. Nimewaambia watu kazini nimekuzika. Kumbe ni mimi niliyekatika."

Ambakisye akakuna kichwa kwa nyundo. "Na mimi, dada, basi langu la kutoka Rukwa linapita mlangoni pa hospitali yako. Limepita na mimi ndani, nimekaa dirishani. Ningeshuka. Nikajisemea, hataki kuniona. Nikapita."

Wakapeana namba. Kisha wakashuka wote wawili kwa mjomba kumrudisha ng'ombe, na ng'ombe akagoma kupanda mlima, ikabidi huyu avute kamba na yule asukume nyuma, matope mpaka magotini, wanagombezana na kucheka kama watoto wadogo, na sauti zao zikawa zinamfikia mama juu uani kabla wao hawajaonekana. Jioni walikula pamoja. Jumapili mlango wa banda uligeuzwa. Na hospitali baadaye ilipata seva tatu za kweli, zikapangwa kama alivyozijaribu. Siku seva ile kongwe ilipozima moja kwa moja, wagonjwa hawakujua. Walisalimiwa, wakatibiwa, wakaenda zao.

Hadithi ya Tusekile imeishia hapo, nayo imeishia vizuri. Sasa ninyi. Sasa sisi.

Nani hapa ana mtu ambaye amemzika akiwa hai? Sitaki mnyooshe mikono, mnaweza kukaa nayo mapajani, lakini mnajijua. Mmekaa benchi moja na mtu, kati yenu umeachwa upenyo wa kupita mbuzi. Kuna nyumba hapa ambamo wawili wanalala kitanda kimoja, na uzi ulikatika tangu Pasaka. Kila mmoja anafanya wajibu wake. Kila mmoja anasema, kazi yote sasa ni yangu. Huyu anaamua la mtoto, yule anaamua la mtoto, na mtoto ndiye kile kitanda kilichopewa watu wawili. Kuna wazee wa kanisa hili, nawapenda, wawili wana mipango miwili ya paa moja. Hakuna mbaya kati yao! Ndilo linaloniumiza. Kama kungekuwa na mbaya ningemkemea, tukamaliza.

Tatizo letu si kwamba tunanyamaziana. Kila uzi hukatika siku moja. Tatizo letu ni kile tunachokisema kimya kikiingia. Tunasema haraka sana: amekufa. Amebadilika. Amenifungia. Mashine, ambayo haina roho, haikuumbwa kwa mfano wa Mungu, haijawahi kuimba pambio, imeweza kufundishwa kujishuku. Imeweza kuweka kazi chini na kusema, ngoja, labda ni mimi. Wewe uliyebatizwa, umewahi kusema hivyo mara ngapi?

Na mama yule, sauti ya tatu, yule aliyekuwa anawasikia wote wawili! Kila ugomvi Mungu huuachia mtu kama huyo. Shangazi, jirani, mtoto wako mwenyewe. Anafungua mdomo, "Mwenzio naye..." nasi tunamkata. Usinitajie. Tunaikata sauti moja iliyobaki, kisha tunalia kwamba tuko peke yetu.

Tena niende mbali zaidi, mnivumilie. Kuna mtu amekuja leo hapa akiwa na ugomvi na Mungu. Umeniambia mwenyewe wiki hii, sitakutaja. Umesema, mchungaji, nimemwita, hanijibu, Mungu wangu amenyamaza. Nimekusikia, na maumivu yako siyadharau. Ila nikuulize kwa upole, kama kaka. Umeiangalia laini yako iko wapi? Maana inawezekana, nasema inawezekana, kwamba Yeye amekuita kila Jumapili kwa namba aliyoijua tangu utoto wako, nawe uliihamishia kwenye kitu kingine. Uliihamisha kwa sababu nzuri. Kazi. Watoto. Hata huduma ya kanisa. Hakuwa Yeye aliyekufa.

Kila Jumapili mhudumu wetu anasimama hapa mbele na kuwaomba mzime simu. Leo nawaomba mziwashe. Ndiyo, ziwasheni. Kila mtu atafute jina moja, lile ambalo kidole chako kimezoea kulipita. Kwaya msiimbe kwanza, tuwape watu nafasi. Mpigie. Akipokea, usianze na nani alikosa, mwambie tu, nipo. Asipopokea, usiseme amekufa. Jua bado liko juu, na nyumba yake unaijua. Nenda kamgongee mlango.